Gitaa Zima

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na kila aliyewahi kurekodi pale alijua kwamba muziki ulifuata amri ya rangi. Mteja akiingia kutaka kijani cha majani, muuzaji analibana kopo kwenye mashine ya kutikisa, mashine inanguruma kama ina ugomvi na mtu, na huko juu sakafu inatetemeka, vikombe vinatetemeka, mwimbaji aliyekuwa katikati ya ubeti anafunga mdomo na kusubiri. Kuta walizibandika trei za mayai. Mlangoni walipigilia godoro kuukuu la sponji, lenye doa la chai lililofanana na sikio. Godoro lilizuia kelele za ngazini. Za rangi halikuziweza.

Chumba hicho ndicho kilichokuwa lebo ya muziki. Haikuwa na mlinzi wala kiti cha kuzunguka. Ilikuwa na Dada Mkubwa, aliyechagua nyimbo na kuzipanga, upi utangulie na upi ufunge, na jalada la santuri liwe na rangi gani. Ilikuwa na mdogo wake wa kiume, ambaye kwa wingi wa maneno alibatizwa Kasuku tangu shuleni, na ambaye sasa maneno hayohayo aliyarapu. Na ilikuwa na mke wa Kasuku, wifi yake Dada Mkubwa, mwenye kompyuta. Mtu wa nje alikuwa mmoja tu, Fundi Masikio, mwenye chumba chake mtaa wa pili, ambaye alichanganya sauti kwa mara ya mwisho kabla kazi haijakwenda kiwandani kutengenezwa santuri. Fundi hakupenda kupanda ngazi za watu, wala watu wapande zake, kwa hiyo waliongea naye zaidi kwa simu.

Mwaka ule walikuwa wanatoa mkusanyiko wao wa kwanza. Waimbaji wengi, santuri moja: hip-hop ya vijana wa mitaa ya jirani, fanki za bendi ndogondogo, na ule muziki wa elektroniki aliokuwa akiutengeneza wifi kwa kubonyezabonyeza, usio na mwimbaji wala kiitikio, ambao Dada Mkubwa aliuita muziki wa friji.

"Wifi, friji haina besi," wifi alimwambia siku moja, akicheka.

"Yangu inayo. Njoo uisikilize usiku."

Walikuwa wanataniana hivyo, lakini meno yakiwa nje moyo ulikuwa ndani. Maana katika mkusanyiko huo kulikuwa na wimbo mmoja ambao Dada Mkubwa hakuwa na utani nao. Baba yao, ambaye kila mtu alimwita Mzee hata alipokuwa kijana, alishona viatu siku za kazi na kupiga gitaa la fanki mwisho wa wiki. Alifariki kabla Kasuku hajaoa. Bendi yake ilisambaratika, kanda zake zikaliwa na joto na panya, ikabaki kaseti moja tu: Mzee peke yake, sebuleni, anapiga gitaa tangu mwanzo wa upande wa kwanza, na ukisikiliza vizuri unasikia kiti kinalia chini yake. Mpango ulikuwa gitaa hilo liingie kwenye santuri, Kasuku arapu juu yake, na wifi atie ngoma. Nje ya nyumba yao hakuna mtu aliyewahi kumsikia Mzee kwenye spika. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha jiapiza: santuri hii ndiyo itakayomtoa Mzee sebuleni.

Sasa mtu wa kulishika gitaa hilo mkononi alikuwa wifi.

Shaka ilianza ngazini. Dada Mkubwa alikuwa anapanda na chupa ya chai, mlango uko wazi kidogo, akasikia sauti ya wifi inasema, tena kwa furaha:

"Nimemkata Mzee vipande vinne. Sasa nikimgeuza kichwa chini miguu juu, anaitikia vizuri zaidi."

Dada Mkubwa akasimama palepale, mguu mmoja juu, mmoja chini. Kisha akaingia, akaitua chupa ya chai mezani kwa kishindo.

"Mnamkata nani?"

"Dada, kukata ni kazi tu," Kasuku akasema. "Ndivyo hip-hop inavyopikwa. Unachukua kipande kidogo, unakizungusha, unakirudia."

"Baba yako awe kipande kidogo?"

"Kidogo lakini kitamu. Akipiga moja kwa moja, mimi nitarapia wapi?"

Wifi alikuwa ameinamia kompyuta, hedifoni shingoni, na Dada Mkubwa akaona anavyouma mdomo wa chini kama mtu mwenye neno asilotaka lisikike. Hilo akaliweka moyoni.

Tangu siku hiyo akawa na macho mapya. Aliona kwamba wifi sasa anafunga mlango anapokuwa na wimbo wa Mzee, wakati nyimbo nyingine anazipiga mlango ukiwa wazi hadi muuza rangi anaitikia huko chini. Aliona kwamba mtu akiingia, hedifoni zinavuliwa haraka na kioo cha kompyuta kinabadilika. Aliona wifi anatabasamu peke yake, kisha uso unakuwa wa kawaida mara anapotazamwa. Mtu mwema anatabasamu na kuendelea kutabasamu, Dada Mkubwa aliwaza. Huyu ana lake jambo.

Akamvuta Kasuku pembeni, kwenye kijivaranda walikoanika nguo za kudekia.

"Mkeo anafanya nini na wimbo wa baba?"

"Anatengeneza."

"Umeusikia?"

"Bado. Kaniambia nisubiri."

"Wewe mwenye wimbo, mwenye baba, unaambiwa usubiri, na unasubiri?"

"Dada, mimi naishi naye. Nikiambiwa nisubiri, nasubiri."

Akacheka na kuondoka. Kasuku kila kitu kwake kilikuwa mistari ya kurapu.

Wiki ya kupeleka kazi kiwandani ikafika. Siku moja umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, na wifi akashinda humo ndani amejifungia na redio ya kaseti, hata kula hakutoka. Alasiri Dada Mkubwa alikuwa koridoni anakunja majalada ya karatasi aliyokuwa akiyajaribu rangi, akamsikia anaongea kwa simu nyuma ya godoro. Hakusogea karibu, angalau si sana. Maneno yalitoka wazi, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo:

"Fundi, ule wimbo wa Mzee. Sikiliza. Ngoma punguza. Besi ongeza. Gitaa zima."

Na hapohapo mashine ya rangi ikaanza. Sakafu ikatetemeka, majalada yakateleza kutoka mapajani, na chochote alichokisema wifi baada ya hapo kilimezwa na mngurumo. Dada Mkubwa hakuhitaji zaidi. Gitaa zima. Kwa hiyo kukata hakukutosha, sasa hata vipande havitakiwi. Mzee azimwe kama taa ya chooni.

Angeweza kuingia na kuuliza. Hilo aliliwaza baadaye mara nyingi. Lakini mtu aliyekwisha amini hana haja ya kuuliza, ana haja ya kuwahi. Wifi aliposhuka kununua vocha, Dada Mkubwa aliingia, akaifungua redio, akaitoa kaseti ya Mzee, akaiviringisha kwenye leso na kuizamisha chini kabisa ya mkoba wake. Wamzime wanavyotaka, akajiambia, hii hawaipati. Mtu anayezima anaweza pia kutupa.

Kesho yake wifi alipindua chumba juu chini. Alisogeza meza, akainua zulia, akachungulia nyuma ya trei za mayai.

"Wifi, hujaona kaseti ya Mzee? Niliiacha ndani ya redio."

"Sijaiona," Dada Mkubwa akasema, mkoba ukiwa begani.

"Hata kwa bahati mbaya? Labda umeipanga na nyingine?"

"Nimekwambia sijaiona. Kwani ulikuwa unaitakia nini, si ulishamaliza kumkata?"

Wifi akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akainama tena kutafuta. Jasho lilikuwa limemjaa usoni. Dada Mkubwa akalisoma jasho hilo alivyotaka: anaogopa ushahidi. Akakaza mkono kwenye ukanda wa mkoba.

Siku iliyofuata wote watatu walikwenda kwa Fundi Masikio kusikiliza kazi kwa mara ya mwisho. Kiwanda kiliwapa nafasi mpaka alasiri. Wakichelewa, wangerudi nyuma ya foleni, na nyuma ya foleni hiyo hakuna aliyejua mwisho wake. Chumba cha Fundi kilikuwa kidogo, dirisha limezibwa kwa mablanketi, spika mbili zimekaa juu ya matofali. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mwenye masikio ya kawaida kabisa. Aliwaonyesha benchi, wakabanana.

Nyimbo zikapita mmoja mmoja. Hip-hop ikapita, Kasuku akitikisa kichwa na kuwasahihisha wenzake matamshi. Fanki zikapita, hata Fundi mguu ukamcheza. Muziki wa friji ukapita, na Dada Mkubwa, ambaye hangekubali hata kwa dawa, aliuona si mbaya kwenye zile spika. Kisha Fundi akasema, "Huu wa Mzee."

Besi ikaingia, nene, inatembea taratibu. Ngoma zikaja kwa mbali, kwa adabu. Kasuku akaanza mistari yake. Dada Mkubwa akalisubiri gitaa. Pakapita pale lilipostahili kuingia, hapakuwa na kitu. Pakapita tena. Wimbo ulikuwa kama sebule ambayo mwenye nyumba ametoka.

"Simamisha," akasema.

Fundi akasimamisha.

"Gitaa liko wapi?"

"Nimezima."

"Nani alikwambia uzime?"

Fundi akageuza macho, polepole, kwa wifi. Wifi alikuwa amesimama, macho yamemtoka.

"Umezima gitaa? Fundi! Mimi nilikwambia gitaa zima!"

"Mnasikia!" Dada Mkubwa akaruka kutoka kwenye benchi. "Mnamsikia jamani! Hata haya hana, anasema mwenyewe!"

"Ndiyo, nasema! Gitaa zima! Na narudia, gitaa zima!"

"Mbele ya mumeo? Baba mkwe wako alikukosea nini, mtu hata harusini kwako hakufika?"

"Kwa hiyo wewe wifi unataka gitaa nusu?"

"Nani kataja nusu? Mimi nalitaka lote!"

"Na mimi ndilo ninalosema! Lote!"

"Sasa kama unalitaka lote mbona umesema lizimwe?"

"Nimesema lini lizimwe? Nimesema zima!"

Kasuku, aliyekuwa katikati ya benchi, alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama anatazama mpira. Fundi akainua mkono, mkono mwembamba wenye kidole kimoja juu.

"Ngoja," akamwambia wifi. "Ulisema ngoma punguza."

"Ndiyo."

"Besi ongeza."

"Ndiyo."

"Gitaa zima."

"Zima, Fundi! Si vipande! Zima, kama mkate mzima, kama nguo nzima! Tangu mwanzo mpaka mwisho, lisiguswe!"

"Punguza, ongeza, zima," Fundi akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Mtu akiniambia punguza, ongeza, zima, mimi nazima."

Kasuku akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akapiga benchi, akasema, "Mnagombana kwa neno lilelile, wote mnalilia gitaa lilelile!" Halafu akanyamaza ghafla. "Hebu kidogo. Gitaa lote? Na mistari yangu?"

"Imebaki inayotosha," wifi akasema. "Ndiyo sababu nilikuwa nafunga mlango. Ningekuambia mapema ungenizungusha kwa maneno hadi nikubali vipande."

Akakaa tena. Akaongea na Kasuku, lakini kwa kweli alikuwa anamwambia Dada Mkubwa, ambaye bado alikuwa wima.

"Nilianza kumkata. Nilimkata kweli. Kisha siku moja nikaiacha kaseti ikaenda mpaka mwisho. Kule mwisho waya wa gitaa unakatika. Mnajua? Unasikia kabisa, unakatika, na Mzee hasimami. Anaguna kidogo, anatafuta njia kwenye nyaya zilizobaki, anaendelea mpaka anamaliza. Nikasema, mtu wa hivi unamkataje? Nikampigia Fundi nikamwambia aliache zima, na kile kipande cha mwisho nitamletea."

"Sikusikia cha mwisho," Fundi akasema. "Nilisikia mngurumo. Nilidhani umepanda lori."

"Rangi," wifi akasema kwa uchovu.

Fundi akageukia mashine zake, akabonyeza mahali. "Sikulifuta. Nililizima tu." Na Mzee akaingia.

Aliingia kwa ule mkwaruzo wake wa haraka, mkavu, wenye kucheka, kiti kinalia chini yake, na besi ya wifi ikamkalia kama iliyokuwa inamngoja miaka yote. Dada Mkubwa akakaa. Gitaa likaenda, likaenda, likapanda, na katikati ya kupanda likakatika kama limechanjwa kwa wembe. Besi ikaendelea peke yake.

"Hapo ndipo umeme ulipokatika nikinakili," wifi akasema. "Uliporudi nilirudia, redio ikawa inatafuna utepe. Nikasema nitaisafisha kichwa cha kusomea utepe, kesho nimalizie. Kesho yake kaseti haipo. Nimemshuku kila mtu. Nimemshuku mpaka muuza rangi."

"Mimi ulinipekua mifuko nikiwa nimelala," Kasuku akasema.

"Na ningekupekua tena."

Fundi akatazama saa. "Kiwanda hakingoji. Ama nilizime gitaa polepole hapo linapokatika, Mzee aishie katikati. Ama nirudishe vile vipande vinne. Ama wimbo ubaki, twende na nyingine."

Dada Mkubwa alikuwa amepakata mkoba mapajani, mikono miwili juu yake. Kichwa kilikuwa kinakimbia. Studio si mbali. Angeweza kusema anakwenda kutafuta mara ya mwisho, akae dakika chache, arudi nayo akihema: ilikuwa imeangukia nyuma ya godoro. Wangeshangilia. Mzee angeingia mzima, na yeye angetoka safi. Akainuka.

"Ngojeni nikaangalie tena studio."

"Twende wote, wifi," wifi akasema, akiinuka naye. "Mimi nimetafuta mpaka macho yamepofuka. Labda wewe ndiye utakayeiona."

Alisema hivyo bila kijembe. Ndicho kilichomshinda Dada Mkubwa. Kijembe angekiweza, alikuwa na vyake. Akakaa tena, akafungua mkoba, akatoa leso, akaifunua, akaiweka kaseti ya Mzee juu ya meza ya Fundi, kati ya nyaya.

Kasuku akaitazama kaseti, kisha akamtazama dada yake.

"Jana nilikuuliza," wifi akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujaiona."

"Nilikwambia."

"Na mkoba?"

"Ulikuwa begani."

"Ulidhani nitaifanya nini?"

"Nilikusikia kwenye simu, nikadhani unamzima. Nikasema ukishamzima utamtupa."

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Fundi aliichukua kaseti kwa ncha za vidole, akaingiza kalamu kwenye tundu, akaukaza utepe, akaipuliza, akaitia kwenye mashine yake iliyokuwa safi kuliko sahani za wengi.

Kunakili kaseti hakuna haraka. Inakwenda kwa mwendo wake yeye aliyepiga. Wakakaa wote wanne, Mzee akipiga. Lilipofika pale lilipokuwa limekatikia, likapita. Likashuka, likazunguka, na kule mwisho waya ukakatika, ting, ukasikika wazi. Mzee akaguna. Dada Mkubwa alilikumbuka guno hilo, ndilo alilokuwa akiguna sindano ikimchoma akishona viatu. Kisha gitaa likatafuta njia, likaipata, likamaliza. Kiti kikalia. Utepe ukabaki unavuma.

Kasuku alikuwa anatazama ukuta. "Mistari yangu punguza," akasema. "Punguza, Fundi, si zima."

Fundi akafanya kazi yake, wakasikiliza tena mara moja, hakuna aliyetaka kuongeza kitu. Akaisogeza kaseti pembeni, akashika kalamu.

"Mpangilio," akasema. "Wa Mzee unakaa wapi?"

Kupanga ilikuwa kazi ya Dada Mkubwa, na hakuwahi kumpa mtu. Fundi alikuwa anamtazama yeye.

"Muulize wifi," akasema.

Wifi akageuka haraka. "Mimi? Kwa nini mimi?"

"Basi tu."

"Hapana, wifi. Sema ukweli. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Panga wewe."

"Nikiuweka wa kwanza utasema natafuta sifa kwa jina la mkwe. Nikiuweka wa mwisho utasema nimemtupa nyuma ya mlango."

"Sitasema."

"Utasema moyoni."

Dada Mkubwa akafikiri. "Moyoni nitasema," akakubali. "Mdomoni sitasema."

Kona ya mdomo wa wifi ikatikisika, lakini haikufika kwenye tabasamu. Akanyoosha mkono kuelekea mapajani mwa Dada Mkubwa.

"Kwanza fungua huo mkoba."

"Wifi!"

"Fungua, nione kama hujabeba na kalamu za Fundi."

Kasuku akacheka, akidhani ni utani. Dada Mkubwa akaufungua mkoba kwa mikono miwili, ukaachama: funguo, kitana, miwani iliyovunjika sikio, pakiti ya majani ya chai, leso iliyokunjuliwa. Wifi akainama, akachungulia kweli, mpaka kwenye pindo la chini, akaisogeza leso kwa kidole na kutazama chini yake. Kisha akaichukua kaseti mezani, akaitia kwenye mfuko wa suruali yake, na kumgeukia Fundi.

"Wa kwanza," akasema.